Busta Juu ya Breki Mbovu: Uchambuzi wa Kisa cha Pikapu ya Miaka ya 1960

Gari na historia yake

Pikapu hii ilitoka kiwandani katikati ya miaka ya 1960. Kila kinachoweza kumtambulisha mwenyewe nimekiondoa, ila vipimo vya gari nimeviacha vilivyo kwa sababu ndivyo vinavyofundisha. Ina injini ya silinda sita, gia za mkono, springi ngumu nyuma, na breki za dramu (ngoma ya chuma inayozunguka na gurudumu, viatu vikiibana kwa ndani) kwenye magurudumu yote manne. Masta silinda yake, yaani pampu inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedali, ilikuwa ya chumba kimoja, imefungwa chini ya sakafu upande wa dereva. Kwa mpangilio huo, bomba likipasuka mahali popote breki zote nne zinakwenda kwa pamoja. Magari mengi ya enzi hiyo yalikuwa hivyo. Kufikia mwaka wa 1967, magari mapya ya abiria nchini Marekani yalikuwa yakija na masta ya vyumba viwili, kimoja cha mbele na kingine cha nyuma. Gari letu lilitangulia kidogo.

Mwenye gari alikuwa amelitengeneza bodi na injini kwa miaka kadhaa, kwa mkono wake na kwa subira kubwa. Breki alizigusa mwisho. Lalamiko lake la kwanza lilikuwa la kawaida kwa magari haya: pedali ngumu, mguu unachoka, gari halisimami pale unapotaka. Alilipeleka gereji moja, akafungiwa busta ya vakumu, kifaa kinachotumia uvutaji wa hewa wa injini kuongezea mguu nguvu, kati ya pedali na masta ileile ya zamani. Pedali ikawa laini, akafurahi.

Wiki chache baadaye gari lilizunguka nusu duara kwenye barabara yenye unyevu. Bodi ya mzigo ilikuwa tupu na mwendo haukuzidi kilomita 50 kwa saa. Hakuna aliyeumia. Alipolileta kwetu alisema neno moja ambalo lilituelekeza tangu mwanzo: "Fundi, zamani lilikuwa halishiki. Sasa linashika nyuma peke yake."

Tulichokikuta

Hatukufungua chochote kabla ya kupima. Tulilipima gari kwenye mizani, ekseli moja moja, likiwa tupu na dereva ndani: kilo 950 mbele, kilo 690 nyuma, jumla 1,640. Kisha tukaenda kwenye uwanja mkavu uliofungwa, tukasimamisha gari mara tano kutoka kilomita 60 kwa saa, dereva akizuia mguu usifike pale magurudumu ya nyuma yanapojifunga. Wastani ulikuwa mita 31 kutoka mguu ulipogusa pedali. Hiyo ni kupunguza mwendo kwa takriban mita 4.5 kwa sekunde kila sekunde, kiwango kidogo kwa lami kavu na tairi nzuri.

Kisha tukavua dramu. Nyuma kila kitu kilikuwa kizima kabisa. Mbele ndiko kulikokuwa na ugonjwa, na ulikuwa wa mambo matatu. Silinda ya gurudumu la kushoto ilikuwa inavuja, mafuta ya breki yakiwa yamelowanisha lainingi, ule utando wa msuguano juu ya kiatu. Gurudumu la kulia lilikuwa na viatu vilivyofungwa kinyume: chenye lainingi fupi, ambacho katika aina hii ya dramu hutakiwa kukaa upande wa mbele ya gari, kilikuwa nyuma. Na mpira wa breki wa kushoto, ile hozi laini inayopeleka mafuta kwenye gurudumu, ulikuwa umevimba kwa ndani. Ukikanyaga pedali, presha inachelewa kupita. Ukiachia, inachelewa kurudi. Kwa nje mpira huo ulionekana mzima, na ndiyo maana watu wengi huuruka.

Hapo mzunguko ule kwenye unyevu ukaeleweka. Breki za mbele zilikuwa zinafanya kazi nusu, za nyuma kazi kamili. Bila busta, mguu wa dereva haukuwa na nguvu ya kutosha kuyafunga magurudumu ya nyuma, kwa hiyo kasoro ilijificha. Busta huongeza presha kila mahali, haichagui. Iliongeza nguvu nyuma ambako uzito ulikuwa unapungua, na mbele ambako uzito ulikuwa unaongezeka nguvu ikaishia kwenye lainingi yenye mafuta.

Huo uzito unaohama nitaueleza kwa namba, maana bila kuuelewa huwezi kufanya uamuzi wowote kuhusu breki za pikapu. Umbali kati ya ekseli ni mita 2.92. Tukikadiria kitovu cha uzito kiko sentimita 68 kutoka ardhini, basi kwenye breki kali ya lami kavu, ya asilimia 70 ya nguvu ya uvutano, takriban kilo 267 zinaondoka nyuma na kwenda mbele. Mbele panabeba kilo 1,217, nyuma 423. Magurudumu ya nyuma yamebaki na robo tu ya uzito wa gari. Ukipakia kilo 500 juu ya ekseli ya nyuma hesabu inageuka: hata kwenye breki ileile, nyuma kunabaki na zaidi ya theluthi ya uzito wote. Gari moja, breki zilezile, mahitaji mawili tofauti. Gari dogo la abiria halina shida hii kwa kiwango hicho.

Uamuzi wa kwanza: kurudisha kilichokuwepo

Mwenye gari alikuja akiwa tayari na jina la seti ya breki za diski (sahani ya chuma inayobanwa na pedi pande mbili) aliyotaka kununua. Tulimwomba asubiri. Hoja yetu ilikuwa kwamba hatukujua breki hizi za dramu zikiwa nzima zinaweza nini, na bila kujua hilo tusingeweza kusema diski zimesaidia kiasi gani, au zimeficha kasoro gani nyingine.

Jambo moja tu halikusubiri. Masta ya chumba kimoja ilitoka siku ya kwanza, ikaingia ya vyumba viwili, na bomba za mbele na nyuma zikatenganishwa. Bomba zote tulizibadilisha na midomo yake tukaipanua kwa kukunja mara mbili. Viungio vya kubana kama vya bomba la maji havina nafasi kwenye breki. Tulikuta kimoja chini ya sakafu, tukakitupa.

Silinda za mbele zikabadilishwa, mipira yote mitatu ikabadilishwa, viatu vikapangwa inavyotakiwa. Dramu za mbele tulizikereza baada ya kuhakikisha kipenyo kinabaki ndani ya kikomo kilichochorwa kwenye dramu yenyewe. Mafuta mapya ya breki, ya daraja la DOT 4. Busta tuliiondoa kwa muda ili tupime breki zenyewe.

Matokeo kutoka kilomita 60: mita 24. Saba zimeokolewa, bila diski na bila busta. Gari lilisimama likiwa limenyooka. Mwenye gari alikaa kimya kidogo, halafu akauliza kama basi tuishie hapo.

Tungeweza kuishia hapo kama si jaribio la pili. Tulisimamisha gari mara kumi mfululizo kutoka mwendo uleule, bila kupumzika. Mara ya tano mguu ulianza kusikia tofauti. Mara ya nane umbali ulifika mita 35, pedali ikiwa ngumu kama jiwe na gari likiendelea kuteleza mbele. Harufu ya lainingi ilijaa ndani ya gari. Mwenye gari hupita mara kwa mara kwenye mteremko mrefu akiwa na mzigo, na hali hiyo ndiyo iliyokuwa ikimsubiri huko.

Sababu iko kwenye umbo la breki. Dramu ikipata moto inapanuka na kukimbia viatu. Diski ikipata moto inanenepa kuelekea pedi. Zaidi ya hapo, viatu vya dramu ya aina hii hujivuta vyenyewe: mzunguko wa dramu hukikokota kiatu cha kwanza, nacho hukisukuma cha pili. Ndiyo maana zinashika vizuri bila busta. Lakini kwa sababu hiyohiyo, msuguano wa lainingi ukishuka kidogo kwa joto, nguvu ya kusimama inashuka sana. Diski haina msaada huo, kwa hiyo inahitaji presha kubwa, lakini haikuangushi ghafla.

Kwa hiyo uamuzi wa kuweka diski mbele ulitokana na kusimama kwa mara ya nane. Kwa kusimama mara moja tu, dramu nzima zilitutosha.

Uamuzi wa pili: diski mbele, dramu nyuma

Nyuma tuliacha dramu kwa makusudi. Ndiko breki ya mkono iliko, na mzigo wa joto wa nyuma ni mdogo. Fedha na muda viliwekwa mbele.

Mbele tuliweka diski zenye tundu za kupitisha hewa katikati, na kalipa (vibanio vinavyosukuma pedi kwenye diski) za pistoni moja ya milimita 74.6. Pistoni ya ukubwa huo inakunywa mafuta mengi kuliko silinda ndogo za dramu, kwa hiyo masta ya kipenyo cha milimita 25.4 ingefanya pedali iende chini sana. Tulichagua ya milimita 28.6. Uamuzi huu una gharama, na hapa watu hukosea mara nyingi. Chukua mguu unaokanyaga kwa kilo 30, na pedali inayozidisha mara sita: kilo 180 zinafika kwenye masta. Kwenye pistoni ya milimita 25.4 hiyo ni kilo 35.5 kwa sentimita ya mraba. Kwenye ile ya 28.6 ni 28 tu. Masta kubwa hutoa mafuta mengi na presha ndogo. Diski ndiyo inayotaka presha kubwa. Hapo sasa busta ikapata kazi yake halali, tukairudisha. Vakumu ya injini tulipima kwanza: inchi 18 za zebaki injini ikiwa bila mzigo, inatosha.

Kwa kuwa masta iko chini ya sakafu, chini kuliko kalipa, mafuta hutaka kurudi yenyewe kila ukiachia pedali, na pistoni za kalipa hurudi nyuma kuliko inavyotakiwa. Tulifunga valvu ndogo ya kubakiza presha ya pauni 2 kwa inchi ya mraba upande wa mbele, na ya pauni 10 upande wa dramu. Ukizibadilishana, ile ya 10 ikaenda mbele, pedi zitakokota diski muda wote.

Makosa yetu mawili

Kosa la kwanza lilitula siku nzima. Pedali ilikuwa laini kama sponji. Tulitoa upepo, tukarudia, tukarudia tena, tukamaliza zaidi ya lita ya mafuta, tukaanza kuishuku masta mpya. Mwanafunzi wetu mmoja ndiye aliyeuliza kwa nini nipeli za kutolea upepo zinatazama chini. Kalipa ya kulia ilikuwa kushoto na ya kushoto kulia. Zinafunga vizuri pande zote mbili, hakuna kinachokuzuia. Lakini hewa hukaa juu, na nipeli ikiwa chini hewa haitoki hata ukitoa upepo mwezi mzima. Tulizibadilishana, na kazi ikaisha ndani ya saa moja.

La pili lilikuwa baya zaidi kwa sababu gari lilikuwa tayari barabarani, nami nikiwa ndani yake. Baada ya kama kilomita 15 nilihisi gari zito. Pedali ikawa juu na ngumu. Nilipunguza mwendo kwa gia, nikasimama kando. Diski za mbele zilikuwa zinatoa moshi mwembamba. Breki zilikuwa zinajikanyaga zenyewe.

Namna tulivyotafuta chanzo inafaa kuelezwa kwa ukamilifu, kwa sababu inaokoa vipuri vingi visivyo na hatia. Tuliinua mbele kwa jeki magurudumu yakiwa bado yamebana. Swali la kwanza: ni presha iliyonaswa, au ni kalipa imekwama? Tukifungua nipeli na gurudumu likaachia, ni presha. Lakini kabla ya kufungua nipeli, tulilegeza kwanza nati mbili zinazoshikilia masta kwenye busta, milimita chache tu. Magurudumu yakaachia palepale. Kwa hiyo mipira haikuwa na kosa, valvu haikuwa na kosa, kalipa hazikuwa na kosa. Fimbo inayotoka kwenye busta kusukuma pistoni ya masta ilikuwa ndefu mno.

Ndani ya masta kuna tundu dogo ambalo mafuta hurudia kwenye kikopo pedali ikiachiwa. Pistoni ikisukumwa mbele hata kidogo, inaliziba tundu hilo. Mafuta yaliyopata joto yanapanuka, hayana pa kwenda, yanabana pedi. Pedi zinaongeza joto, mafuta yanapanuka zaidi. Tulipima nafasi kwa kubandika kipande cha udongo laini wa kuchezea kwenye ncha ya fimbo, kuifunga masta mahali pake na kuivua tena. Udongo ulibonyezwa hadi ukaisha kabisa. Tulifupisha fimbo mpaka ikabaki nafasi ya nusu milimita. Fimbo hiyo ilikuja imepangwa kwa masta nyingine, nasi tuliikubali bila kuipima. Kipimo cha dakika kumi kingetosha.

Mizani ya mbele na nyuma

Diski mpya na busta vikifanya kazi, tulirudi uwanjani, tukamwaga maji. Bodi ikiwa tupu, nyuma kulijifunga kwanza tena, ingawa safari hii kwa mwendo mkubwa zaidi. Hatukushangaa. Silinda za nyuma zilikuwa bado zile za kiwandani, zilizopangiwa gari lenye dramu mbele na lisilo na busta.

Tulikuwa na njia tatu. Ya kwanza ni silinda ndogo zaidi nyuma: kutoka milimita 25.4 kwenda 22.2 hupunguza nguvu kwa karibu robo, lakini hupunguza kila wakati, hata kwa breki ndogo na hata kwa mzigo. Ya pili ni valvu inayosoma mzigo, ile yenye mkono uliofungwa kwenye ekseli ambayo pikapu nyingi za baadaye zilikuja nayo. Kwa kanuni ndiyo bora. Lakini imepangwa kwa springi za gari lake, na kuilinganisha na springi hizi kungehitaji majaribio mengi kuliko tuliyoweza kuyafanya kwa usalama. Ya tatu ni valvu ya kurekebisha kwa mkono. Hii huacha presha ya nyuma iwe sawa na ya mbele mpaka kiwango fulani. Kuanzia hapo ya nyuma inapanda polepole zaidi. Unachorekebisha ni kile kiwango.

Tulichukua ya tatu. Mtu mmoja alisimama nje akitazama magurudumu, dereva akikanyaga kutoka kilomita 30, kisha 40, kisha 50, kwenye maji, nasi tukipunguza nusu mzunguko kila baada ya jaribio mpaka magurudumu ya mbele yakaanza kujifunga kwanza. Mbele kukijifunga gari linakwenda moja kwa moja, na ukiachia kidogo usukani unarudi. Nyuma kukijifunga gari linageuka, na dereva wengi hawana muda wa kufanya lolote.

Mwenye gari aliomba valvu ifungwe ndani, karibu na mkono wake. "Nikiwa na mzigo niifungue, nikiwa mtupu niifunge." Ni wazo la mtu anayelielewa gari lake, na nililikataa. Siku atakayopakua mzigo akiwa amechoka na kusahau kuifunga, gari linarudi kuwa lile lililozunguka kwenye unyevu. Valvu ilifungwa chini kwenye chesisi, ikapangwa kwa gari tupu kwenye unyevu, na nati yake ikapigwa alama ya rangi ili tuone kama imeguswa.

Matokeo

Kutoka kilomita 60, lami kavu, gari tupu: mita 20. Kwenye mfululizo wa mara kumi, ya kumi ilikuwa mita 21 na nusu, na pedali haikubadilika kwa namna ambayo mguu ungeweza kuisema. Miezi sita baadaye pedi za pande zote mbili zilikuwa zimelika sawa. Silinda moja ya nyuma ilikuwa na unyevu, tukaibadilisha. Alama ya rangi kwenye valvu ilikuwa mahali pake.

Nikiitazama kazi hii sasa

Kati ya mita 11 zilizopungua, saba zilitoka kwenye kurekebisha kilichoharibika na nne kwenye vifaa vipya. Kama tungefunga diski siku ya kwanza, tungezipa sifa ya zote. Na mpira uliovimba tungekuwa tumeutupa bila kujua ulikuwa na nini, kwa kuwa seti ya diski huja na mipira yake.

Busta ya gereji ya kwanza haikuwa kifaa kibovu. Ndiyo hiyohiyo inayofanya kazi leo. Kosa lilikuwa kuijibu pedali ngumu bila kuvua dramu hata moja. Pedali ngumu kwenye gari lisilo na busta inaweza kuwa dalili kwamba breki fulani haifanyi sehemu yake.

Upande wetu, ningebadilisha mpangilio wa majaribio. Jaribio la joto lilikuja katikati, nalo ndilo lililoamua jambo kubwa kuliko yote. Lilipaswa kuwa la kwanza baada ya gari kuwa zima, na tulipaswa kuwa na kipimajoto cha dramu badala ya kutegemea pua.

Lililobaki ni mzigo. Tulipima gari likiwa na kilo 500 na lilisimama kwa mita 24, magurudumu ya nyuma yasijifunge hata mara moja. Maana yake nyuma kuna msuguano wa tairi ambao hatuutumii. Ndiyo gharama ya kupanga valvu kwa gari tupu, na mwenye gari anaijua: akiwa na mzigo anaanza mteremko kwa gia ya chini na anaacha nafasi kubwa zaidi mbele yake. Tumeanza kupima jinsi springi za nyuma zinavyoshuka kwa kila kilo 100. Tukipata valvu ya mzigo ambayo mkono wake unasafiri kiasi hicho, tutarudi uwanjani na maji.